Kichocheo cha umeme cha tumbo la chakula: jinsi ya kujenga sampuli ya mezani isiyoharibu elektrodi wala kumaliza betri

Wanaojaribu kujenga kichocheo cha umeme cha tumbo la chakula, yaani kifaa kinachopeleka mipigo midogo ya umeme kwenye tumbo ili kupunguza kichefuchefu na kutapika, karibu wote hukwama mahali pamoja. Siku ya kwanza mpigo unaonekana vizuri kwenye oskiloskopu. Siku ya tatu elektrodi moja imekuwa nyeusi, maji yamegeuka rangi ya kutu, na betri imekwisha. Wanarudi kuukagua mpigo na hawaoni kosa, kwa sababu kosa halipo kwenye mpigo. Lipo kwenye muda ulio kati ya mpigo na mpigo.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa uhandisi na mafundi wa vifaa tiba wa Mwanza na miji ya ziwani wanaotaka kufika siku ya saba wakiwa na sampuli inayofanya kazi. Ni sampuli ya mezani. Usimwekee mtu, mbuzi wala panya. Majaribio kwa binadamu yanahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na kwa mnyama hai nayo kamati ya maadili lazima ihusike kwanza.

## Tunatafuta mpigo gani

Tumbo la chakula la binadamu lina mdundo wake wa umeme, takriban mara 3 kwa dakika, unaoanzia sehemu ya juu ya ukingo mkubwa wa tumbo. Kwa hiyo wengi hufikiri kichocheo nacho kipige mara 3 kwa dakika, kama kile cha moyo. Hesabu inakataa. Ili kuushika mdundo huo unahitaji mipigo mirefu, ya makumi hadi mamia ya milisekunde. Mpigo wa 4 mA wenye urefu wa 300 ms hubeba chaji ya 1,200 µC (mikrokulombu). Mara 3 kwa dakika, mwaka mzima, ni zaidi ya 500 mAh. Kipandikizi kidogo hakiwezi kubeba mzigo huo kwa miaka.

Kwa wagonjwa ambao tumbo limelegea na hawaachi kutapika, baadhi yao wenye kisukari, kipandikizi kiitwacho Enterra hutumia njia nyingine: mipigo mifupi ya 330 µs, mkondo wa 5 mA, kasi ya 14 Hz, kikiwaka kwa sekunde 0.1 na kuzima kwa sekunde 5. Mipigo hii haiukamati mdundo wa tumbo. Kinachopungua zaidi ni kichefuchefu na kutapika, na huenda kazi hiyo inapitia neva zinazopeleka habari kwenye ubongo. Tutajenga mpangilio huo.

Kati ya mpigo na mpigo wa 14 Hz kuna 71 ms, kwa hiyo ndani ya sekunde 0.1 inaingia mipigo miwili tu. Kila sekunde 5.1 kifaa kinafanya kazi kwa 660 µs. Muda wote uliobaki kiko kimya, na ukimya huo ndio tunaousanifu.

## Vifaa

- Maikrokontrola ATtiny85, na Arduino Uno moja ya kuiprogramu tu
- Opampu MCP6002
- Transista 2N3904
- Kidhibiti volti LM385-1.2
- Rezista za 1%: 100 Ω moja, 470 Ω moja, 1 kΩ mbili, 10 kΩ nne, 100 kΩ moja
- Rezista ya kurekebisha, 20 kΩ
- Kapasita za seramiki X7R: 22 µF 25 V mbili, 4.7 µF moja, 100 nF mbili
- Kapasita za elektroliti: 100 µF na 1,000 µF
- Betri ya 9 V moja, na AA mbili (3 V)
- Waya wa chuma cha pua 316L wenye kipenyo cha 0.5 mm, sentimita 30
- Dripu la saline 0.9%, mililita 500, kutoka duka la dawa
- Maji yaliyochujwa kwa mvuke, lita 2
- Multimita yenye kipimo cha mV, na oskiloskopu ya chaneli mbili

Vipuri vidogo usipovipata mjini, agiza Kariakoo vije kwa basi. Agiza transista tatu na opampu mbili, utaunguza moja.

Angalizo kuhusu maji. Ukiomba "maji ya betri" dukani unaweza kupewa asidi. Soma chupa kabla ya kulipa. Maji ya bomba yanatoka ziwani na yana klorini, na maji ya ziwa yenyewe yana chumvi kidogo mno: upitishaji wake wa umeme haufiki sehemu moja kwa mia ya ule wa dripu. Ukiyatumia, elektrodi zitaonyesha maelfu ya ohmu, na chanzo chako cha mkondo kitashindwa kufikisha 5 mA. Utabaki kuilaumu sakiti isiyo na kosa.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya chaji kabla ya kulehemu

Chaji ya mpigo mmoja ni mkondo mara muda: 5 mA × 330 µs = 1.65 µC.

Kata waya vipande viwili, kila kimoja kiache milimita 10 zikiwa wazi. Eneo la kila elektrodi ni 3.14 × 0.05 cm × 1 cm = 0.157 cm². Gawanya: 1.65 ÷ 0.157 = 10.5 µC kwa sentimita ya mraba. Kwa waya huu usivuke 20. Kipandikizi halisi hutumia platini iliyochanganywa na iridi, inayovumilia zaidi. Chuma cha pua kinatosha kujifunzia kwa sababu kinakuonyesha makosa yako upesi.

Mtu akifupisha sehemu iliyo wazi hadi milimita 3 "ili ifanane na sindano", msongamano unapanda hadi 35 na kutu inaanza hata sakiti ikiwa nzima. Pima kwa rula. Usikadirie kwa macho.

## Hatua ya 2: Chanzo cha mkondo

Tunadhibiti mkondo na kuiacha volti ipande na kushuka yenyewe, kwa sababu ukinzani wa tishu hubadilika kadiri kovu linavyokua kuzunguka elektrodi.

1. Unganisha mguu wa 4 wa MCP6002 kwenye hasi. Mguu wa 8 usiuunganishe na betri. Upeleke PB0 ya ATtiny85 (mguu wa 5). Weka 100 nF kati ya mguu wa 8 na hasi.
2. Kutoka PB0 hiyohiyo pitisha 10 kΩ hadi LM385. Utapata 1.235 V. Kutoka hapo pitisha rezista ya kurekebisha ya 20 kΩ, kisha 10 kΩ hadi hasi. Makutano yao yaende mguu wa 3 wa opampu na pia PB1 (mguu wa 6 wa ATtiny85).
3. Mguu wa 1 wa opampu upite 1 kΩ hadi kitako (beisi) cha 2N3904. Weka 10 kΩ kutoka kitako hadi hasi.
4. Emita iende hasi kupitia 100 Ω. Emita hiyohiyo irudi mguu wa 2 wa opampu.
5. Opampu ya pili iliyo ndani ya kipuri hicho isiachwe ikining'inia: mguu wa 5 hasi, mguu wa 6 na wa 7 uunganishwe pamoja.

Hasi ya betri ya 3 V na ya 9 V ni moja. Weka 100 µF sambamba na betri ya 9 V.

PB1 ikiwa pato la chini, inaibana rejea (volti ya mguu wa 3 inayoongoza mkondo) kwenye sifuri na transista haipitishi. Ukiigeuza kuwa ingizo, inaachia na mkondo unatoka. Hakuna swichi nyingine inayohitajika.

Mafanikio: unganisha 470 Ω kati ya +9 V na kolekta, achia mpigo, urekebishe hadi emita isome 0.525 V. Hiyo ni 5.25 mA. Kwa nini si 5? Hatua inayofuata inakula sehemu yake.

## Hatua ya 3: Njia ya kurudisha chaji

Hapa ndipo elektrodi nyingi zilipoharibikia. Mpigo husukuma chaji upande mmoja. Isiporudi, kila mpigo unaacha mabaki kidogo, na baada ya maelfu ya mizunguko mabaki hayo yanageuka kuwa mkondo wa moja kwa moja: maji yanavunjika kuwa gesi, chuma kinayeyuka, na uchachu karibu na elektrodi unabadilika kiasi cha kuunguza tishu. Mzunguko wa sekunde 5.1 hujirudia takriban mara 16,900 kwa siku.

Panga hivi:

- Elektrodi A iende moja kwa moja kwenye +9 V.
- Elektrodi B ipite kapasita mbili za 22 µF zilizofuatana, kisha iende kolekta.
- Rezista ya 10 kΩ iunganishe kolekta na +9 V.

Wakati wa mpigo, kapasita hizo mbili (kwa pamoja 11 µF) hupokea 1.65 µC na kupanda volti 0.15 tu. Mpigo ukikatika, chaji hiyohiyo inarudi kinyumenyume kupitia tishu na ile 10 kΩ. Muda wa kurudi ni karibu sekunde 0.1, na sisi tuna sekunde 5. Hata programu ikikosea upana wa mpigo, kiasi kilichokwenda ndicho kinachorudi.

Karibu 5% ya mkondo hukatiza kupitia 10 kΩ, ndiyo maana tuliweka 5.25 mA. Usiipunguze hadi 1 kΩ ili kuharakisha: theluthi ya mkondo haitafika kwenye tumbo.

Kapasita ni mbili kwa makusudi. Moja ikifa kwa kujiunga ndani, ya pili bado inazuia mkondo wa moja kwa moja. Wala usiweke za elektroliti hapa, kwani huvuja mikroampia kadhaa na hizo zinatosha kuotesha kutu ndani ya wiki.

## Hatua ya 4: Programu inayolala

Mpangilio ni huu:

1. Amka. Washa PB0, subiri 1 ms rejea itulie.
2. Zima vikatizi (interrupts). PB1 iwe ingizo kwa 330 µs, irudi pato la chini. Rudisha vikatizi.
3. Zima PB0. Lala kwa saa ya ulinzi (watchdog) ya 64 ms, ongeza milisekunde chache hadi 71.
4. Rudia 1 na 2.
5. Zima PB0. Lala sekunde 4, kisha sekunde 1.

Zima kigeuzi cha analogia (ADC) kabla ya kulala, pamoja na ulinzi wa volti ndogo. ADC ikisahaulika, usingizi unakula mamia ya mikroampia badala ya chini ya 10.

Tazama hesabu yenyewe. Mkondo unaokwenda kwenye mipigo kwa mwaka mzima ni karibu 6 mAh. Arduino Uno hula kiasi hicho ndani ya dakika nane. Anayeacha Uno ndani ya kifaa chake amejenga kitu cha kuipasha joto Uno, na tumbo linapata makombo.

Kupima usingizi: usitumie kipimo cha µA cha multimita, kwa sababu kinapunguza volti na ATtiny inajiwasha upya kila inapoamka. Weka 1 kΩ kwenye njia ya +3 V na 1,000 µF baada yake, sambamba na sakiti. Subiri dakika 15, kisha soma mV kwenye rezista. Milivolti 1 ni 1 µA. Ukiona chini ya 20, endelea. Ukiona mamia, ama ADC ama PB0 haijazimwa.

## Hatua ya 5: Jaribu na tumbo la bandia la rezista

Usiingie kwenye maji bado. Weka 470 Ω ifuatane na 4.7 µF, na 100 kΩ sambamba na hiyo 4.7 µF. Hiyo ni elektrodi na tishu kwa mfano.

Unachotakiwa kuona kati ya A na B: volti inaruka ghafla hadi karibu 2.3, inapanda mteremko wa takriban 0.35 kwa 330 µs, inaanguka ghafla, kisha inabaki na mkia mdogo unaofifia. Mruko ni ukinzani wa tishu, mteremko ni chaji kwenye uso wa elektrodi. Jifunze kuvitofautisha, maana ndivyo utakavyotumia kupima ukinzani baadaye: volti ya mruko gawanya kwa 4.9 mA au hivi.

Onyo la oskiloskopu: klipu ya hasi ya oskiloskopu imeungana na ardhi ya soketi. Ukiibana kwenye elektrodi huku ATtiny bado imeunganishwa na kompyuta iliyochomekwa ukutani, umefunga shoti. Klipu ikae kwenye hasi ya sakiti, chaneli ya kwanza ishike A, ya pili B, kisha toa moja kwa nyingine. Kompyuta ichomolewe.

## Hatua ya 6: Maji ya chumvi, aina mbili

Watu hutumia dripu lilivyo na kushangaa ukinzani ni chini ya ohmu 100. Dripu hupitisha umeme kuliko misuli. Kwa kupima umeme, changanya sehemu 1 ya dripu na 4 za maji yaliyochujwa. Utapata mia mbili na kitu hadi mia tatu na kitu, jirani na tumbo halisi ambalo kwa kawaida huwa kati ya 200 na 800 Ω. Kwa kupima kutu, tumia dripu bila kulichanganya, kwa sababu kloridi ya mwilini ndiyo adui.

Simamisha elektrodi sambamba, sentimita 1 kati yao. Waya wa 316L haushiki risasi ya kawaida ya kulehemu, kwa hiyo ubane kwa kiungo cha kukandamiza, na kiungo hicho kikae nje ya maji. Shaba au risasi ikigusa maji, utaona kijani au kijivu na kupoteza wiki nzima ukitafuta kosa kwenye sakiti.

Acha siku 7. Weka jozi nyingine ya waya kwenye chupa ya pili bila umeme, iwe ya kulinganisha. Kila siku, sekunde 4 baada ya mipigo, soma volti kati ya A na B.

Mafanikio: volti iko ndani ya ±50 mV, hakuna mapovu, maji hayana rangi, waya unafanana na ule wa chupa ya pili, ukinzani haujabadilika zaidi ya 20%.

Volti ikipanda kidogo kila siku kuelekea upande mmoja, chaji hairudi: kagua 10 kΩ na uvujaji wa kapasita. Mapovu kwenye B pekee ni dalili ya kapasita zote mbili kufa au bodi yenye unyevu unaopitisha mkondo kando. Safisha bodi kwa spiriti, ikauke, ndipo ubadilishe kipuri.

## Hatua ya 7: Tumbo la mbuzi kutoka buchani

Mbuzi ana vyumba vinne. Kile kikubwa chenye manyoya kama taulo hakikufai, wala kile chenye kurasa. Omba chumba cha nne, chenye kuta laini na utelezi, kilicho karibu na utumbo mwembamba. Hicho ndicho kinachofanana na tumbo letu. Kichukue asubuhi machinjioni, kiweke kwenye dripu la uvuguvugu, na upime ndani ya saa mbili, kwani tishu ikipoa na kuharibika ukinzani wake hubadilika.

Hakitajikaza, kimekufa. Unajifunza mambo mawili tu: ukinzani, na kushikiza.

Elektrodi ipite ndani ya safu ya misuli, isitokeze ndani. Kwa binadamu huwekwa kwenye ukingo mkubwa, karibu sentimita 10 kutoka mlango wa kutokea chakula, sentimita 1 kati yake, na daktari huchungulia kwa kamera ndani ya tumbo kuhakikisha hazijatoboa. Nawe pasua chumba ukimaliza, utazame. Ukiona chuma kinang'aa ndani, katika mtu aliye hai ungekuwa umefungulia bakteria njia hadi kwenye kifaa.

Shona kiungo kwa uzi wa nailoni pande zote mbili, kisha uache waya ukiwa na kitanzi kilicholegea. Wavuvi wa Mwaloni Kirumba wanajua mshipi hukatikia kwenye fundo. Waya wa kichocheo nao hukatikia pale unapotoka kwenye kitu kigumu kuingia kwenye kitu laini, na tumbo halitulii hata usiku. Vuta kitanzi mara elfu kwa mota ndogo kabla ya kuuamini.

## Hatua ya 8: Ganda

Epoksi ya dukani hupitisha mvuke wa maji. Inatosha kwa mezani, na unaweza kuona udhaifu wake mapema: zamisha sampuli kwenye dripu la 67 °C. Kwa kanuni ya kuongezeka mara mbili kila nyuzi 10, siku 46 hapo ni kama mwaka mmoja kwenye 37 °C. Betri zibaki nje, hazivumilii joto hilo. Kinachoua sakiti si mvuke wenyewe, ni uwazi kati ya epoksi na bodi ambamo mvuke hugeuka maji na kuyeyusha mabaki ya dawa ya kulehemu. Osha bodi kwa spiriti mara mbili, ikaushe kwa saa kadhaa kwenye 60 °C, ndipo umimine polepole usinase hewa.

Kifaa cha kweli hufungwa ndani ya titani iliyochomelewa kwa leza, waya zikitoka kupitia seramiki, kisha hupimwa uvujaji kwa gesi ya heli. Kwenye sampuli yetu programu ikiganda PB1 ikiwa imeachia, kapasita zingejaa hadi volti 8 hivi, sawa na karibu 90 µC kwa mkupuo mmoja, zaidi ya mara 50 ya kiwango. Kwa hiyo, ukifika hatua ya kuchora toleo la pili, anza na mambo mawili: volti ya pato isiyozidi ile inayohitajika kwa 800 Ω, na saa ya pili ya kielektroniki, isiyotegemea programu, inayokata mpigo wowote uliovuka 500 µs.